Kifaa cha kurudisha mbao za sakafu: miezi sita nikiwa nacho kazini Kampala

Mwanya ulikuwa wa milimita 6, katikati kabisa ya sebule ya Hajati mmoja kule Bukoto. Mbao zake za lamineti, zile za unga wa mti ulioshindiliwa na kufunikwa tabaka jembamba juu, hazikuwa zimevunjika. Zilikuwa zimeachana vichwani, na kila siku ya deki maji yalikuwa yakiingia humo. Fundi aliyenitangulia alichomeka bisibisi kwenye mwanya akajaribu kuukongoa ubao. Ncha ikabandua tabaka la juu, kiasi cha kucha mbili, na unga wa ndani ukabaki wazi.

"Mwanangu," Hajati aliniambia, "sitaki sakafu mpya. Nataka hii irudi ilivyokuwa, na asiiumize mtu tena."

Hiyo ilikuwa Agosti mwaka jana. Tangu siku hiyo nimejaribu vifaa vitatu. Mimi naishi kwa kazi ya sakafu, na nimeona nyumba nyingi zikibanduliwa sakafu nzima kwa sababu ya mwanya mmoja uliostahili saa moja ya kazi. Kwa hiyo naeleza kila nilichokiona.

Lamineti haipigiliwi misumari. Inaelea juu ya mkeka wa povu, na kila ubao unashikana na mwenzake kwa ulimi wa mmoja kuingia kwenye mfereji wa mwingine. Mvua zetu za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huzivimbisha mbao. Ukavu wa Januari na Februari huzisinyaza. Sakafu inayoweza kutembea yote kwa pamoja haipati shida. Ikibanwa mahali, inaachana penye udhaifu. Dawa yake ni kuusukuma ubao kwa urefu wake hadi ukutane na mwenzake, kisha unaoufuata, kisha unaoufuata huo, mpaka mwanya ukaishie ukutani chini ya skatingi, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta, ambako nafasi ya milimita 8 hadi 10 ilitakiwa kuachwa tangu mwanzo. Kazi ngumu ni moja tu: kuushika ubao ambao hauna pa kushikwa.

Nilianza na kishikio cha mafundi vioo, kile chenye miguu miwili ya mpira inayonyonya. Nilikinunua Nabugabo kwa shilingi 45,000. Kwenye ubao laini unaong'aa kinashika vizuri, sina ubishi. Lakini mbao za Hajati, kama nyingi zinazouzwa sasa, zina mikwaruzo ya kuiga mti halisi. Hewa inapenya humo, na kabla sijapiga mara ya tano mpira umeshaachia. Wapo wanaolowesha ukingo wa mpira. Unashika zaidi, ila tone likiingia kwenye mwanya ule unga ulioshindiliwa hunywa maji na kuvimba, na uvimbe huo haurudi. Tena Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Uzito wa hewa ndio unaoukandamiza mpira chini, na hapa kwetu umepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Mombasa. Kilo zilizoandikwa kwenye boksi sizitegemei zote.

Kasoro iliyoniudhi hasa ni mkono wake kuwa juu. Ukiupiga kwa nyundo ya mpira, mguu wa nyuma unanyanyuka, na nguvu inaishia kukipindua kifaa badala ya kuusogeza ubao.

Nikaenda Katwe kwa mzee mmoja anayechomelea vyuma. Nilimchorea kwa chaki sakafuni, naye akanisikiliza mpaka mwisho bila kugusa chochote.

"Nguvu unaitaka ielekee wapi?" akaniuliza. Nikamwonyesha: mbele, sambamba na ubao. "Basi, ssebo (bwana), pa kupigia pashushe."

Tulichotengeneza ni sahani ya chuma ya unene wa milimita 6, urefu sentimita 25, upana 10. Mwishoni mwake mzee alichomelea nondo ya milimita 16 iliyolala, sentimita 4 tu kutoka chini, akaitia uzito wa kilo moja na nusu unaoteleza na kugonga kizuizi. Ni mtindo wa mafundi wa bodi za magari wanapovuta bati lililobonyea. Faida yake utaiona karibu na ukuta, mahali ambapo nyundo haina nafasi ya kuzunguka: unavuta uzito kuelekea kwako, ubao nao unakufuata. Kingo zote tulizipiga faili, na ncha ya nondo nikaivalisha kitambaa kizito isikwaruze.

Chini ya sahani nabandika selotepu nene ya pande mbili, ile ya kubandikia nembo za magari. Ubao nausafisha kwanza kwa spiriti, nausubiri ukauke, nasimama juu ya sahani dakika nzima, halafu nasubiri kumi nyingine. Hapo usiwe na haraka. Kisha nagonga kidogo kidogo, mara nyingi. Pigo moja kubwa huvunja ulimi. Mapigo madogo hamsini yanausogeza ubao nusu milimita, nusu milimita. Kuibandua, napasha ukingo kwa draya ya nywele na kupitisha uzi wa kuvulia samaki chini ya sahani kama msumeno. Gundi inayobaki inatoka kwa kidole gumba na spiriti. Thina iache kabisa kwenye mbao za vanishi, itayeyusha vanishi yenyewe.

Kwa Hajati siku ya kwanza niligonga nusu saa na ubao haukutikisika. Nilikaribia kuongeza nguvu. Nilipoinua macho nikaliona kabati la vyombo, limesimama juu ya mstari uleule, limejaa sahani na birika za harusi yake. Tulivitoa vyombo kimoja kimoja, yeye akipokea na kuvipanga kitandani, kisha tukalisogeza kabati. Baada ya hapo mbao tatu zilirudi kwa dakika arobaini. Kabla ya kufunga kila kiungo nilitia gundi nyeupe ya mbao kidogo kwenye ulimi, na pale palipobanduliwa na bisibisi nikajaza nta ya rangi ya ubao. Hajati alivua ndara akapita juu yake kwa nyayo tupu, akarudi, akapita tena.

Gharama za kifaa hiki zipo. Selotepu hutumika mara moja tu, na mzigo mzima unakaribia kilo nne, mzito kwenye boda. Pia kina hatari: kule Najjera nilikibandika kwenye ubao uliokuwa umekwisha kunywa maji, na selotepu ikaondoka na tabaka la juu. Nilimlipa mwenye nyumba ubao mpya. Sasa najaribu kwanza kwa kipande kidogo pembeni, chini ya kochi. Na mbao za mvule zilizopigiliwa misumari, kama za nyumba za zamani, hakizifai hata kidogo, kwa sababu hizo haziwezi kuteleza.

Kwa mianya ya milimita moja au mbili natumia kitu chepesi zaidi: kipande cha mti wa mugavu nilichokipata Ndeeba, chini yake nimegundisha tyubu ya tairi. Nakanyaga juu kwa mguu mmoja, nagonga kichwa chake kwa nyundo ya mpira. Huacha michirizi myeusi kwenye mbao nyeupe, lakini inafutika.

Wiki iliyopita, katikati ya ukavu huu wa Februari, nilipita Bukoto. Viungo vitatu vya sebuleni bado vimefunga. Mbele ya mlango wa jikoni umefunguka mwanya mwingine, kama milimita 2, na Hajati ameshaondoa friji pale bila kuambiwa. Jumamosi narudi na kile kipande cha mugavu.