Kuainisha viumbe hai: kwa umbo au kwa nasaba?

Njia ya kwanza hutazama umbo: idadi ya miguu, aina ya meno, mpangilio wa maua. Carl Linnaeus wa Uswidi aliijenga katika karne ya 18, na majina yake ya Kilatini yenye maneno mawili tunayatumia hadi leo. Uzuri wake ni kwamba macho na lenzi ya mkononi vinatosha. Ukiokota jani njiani, unaanza kazi papo hapo.

Njia ya pili hufuata nasaba kwa kusoma DNA, yaani taarifa za urithi zilizo ndani ya seli. Inahitaji maabara, lakini hufichua undugu usioonekana kwa macho. Mtazame pimbi: mdogo, mnene, masikio mafupi. Utamdhani ni jamaa wa panya, kumbe ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva! Mchungulie mdomoni uone meno mawili ya mbele ya juu, yanayokua maisha yake yote kama pembe za tembo. Dalili ilikuwepo siku zote. Uyoga nao, uliohesabiwa kuwa mmea kwa muda mrefu, uko karibu zaidi na wanyama.

Kwa vijidudu, umbo halifiki mbali. Mwaka 1977 wanasayansi Carl Woese na George Fox walilinganisha RNA (molekuli ya jamii ya DNA) za ribosomu, yaani sehemu za seli zinazotengeneza protini, wakaonyesha kwamba arkea, waliodhaniwa kuwa bakteria, ni kundi jingine kabisa.

Njia hizi zikigongana, mimi huipa nasaba neno la mwisho. Ila kisukuku cha miaka milioni 100 hakina DNA ya kusoma. Hapo tunarudi kwenye mifupa na meno.