Soka la Uskoti kwa mnunuzi wa tiketi: anzia Edinburgh na Dundee, Glasgow baadaye

Ligi Kuu ya Uskoti inauzwa duniani kwa mechi moja tu, Celtic na Rangers. Shabiki anayefunga safari kwenda Glasgow mara nyingi ameshaamua kwamba akikosa dabi hiyo, safari imeharibika. Tunaipima hapa kama huduma yoyote inayolipiwa: tiketi, mfumo wa mashindano, kiwango cha mpira, viwanja na televisheni. Hukumu yetu ni kwamba dabi ya Glasgow ndiyo mechi ngumu kuliko zote kupata, na kwa mtu wa nje si lazima iwe ndiyo tamu kuliko zote. Mpira mkali kwa bei ya kawaida upo mwendo wa treni kutoka hapo, kwenye viwanja ambavyo watangazaji huvipitia juu juu.

Tuanze na dabi, maana haikwepeki. Rangers ilianzishwa 1872. Celtic ilianzishwa 1887 na Brother Walfrid, mtawa wa Kikatoliki kutoka Ireland, kwa lengo la kuchangisha fedha za kuwalisha maskini wa mashariki mwa Glasgow, wengi wao wahamiaji wa Ireland. Rangers nayo ikawa klabu ya Waprotestanti watiifu kwa ufalme wa Uingereza, na kwa miongo mingi haikusajili nyota Mkatoliki, hadi kocha Graeme Souness alipomleta Mo Johnston, mchezaji wa zamani wa Celtic, mwaka 1989. Ndiyo sababu jukwaa moja linapeperusha bendera ya Ireland na jingine ya Uingereza, na nyimbo nyingi zinazoimbwa hazina uhusiano na mpira. Aliyezoea Simba na Yanga, ambako ndugu wa nyumba moja hugawana timu na kutaniana hadi usiku, ajue kwamba Glasgow si hivyo. Pale timu mara nyingi hufuata ukoo, shule na kanisa. Jezi ya kijani na nyeupe ya Celtic usiikaribishe Ibrox, uwanja wa Rangers; ya buluu ya Rangers usipite nayo Gallowgate, mtaa wa mashabiki wa Celtic. Skafu ile ya nusu kwa nusu, yenye majina ya timu zote mbili, haipendwi na upande wowote; inunue ukiwa unaondoka.

Kuna ubishi mmoja zaidi wa kuujua kabla hujafungua mdomo baa. Februari 2012 Rangers iliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, kampuni yake ikafilisiwa, na timu ikaanza tena daraja la nne msimu wa 2012-13. Ilirudi Ligi Kuu 2016. Mashabiki wa Celtic husema klabu ile ilikufa na hii ni nyingine. Wa Rangers husema kilichokufa ni kampuni, klabu iko hai. Uzito wa hoja uko kwenye hesabu: rekodi rasmi zinaipa Rangers mataji 55 ya ligi, la 55 likiwa la msimu wa 2020-21 ambao haikufungwa hata mechi moja chini ya kocha Steven Gerrard. Celtic nayo ilifikisha 55 mwaka 2025. Ukifuta historia ya kabla ya 2012, ushindani wote huo wa hesabu unabomoka. Hakuna anayekubali kushindwa katika hili, na mgeni hana cha kuongeza.

Sasa tiketi. Celtic Park huchukua watu wapatao 60,000, Ibrox kama 51,000, na sehemu kubwa ya viti vyote viwili imeshashikwa na wenye tiketi za msimu. Kwa mechi ya kawaida utaratibu ni rahisi: fungua akaunti kwenye tovuti ya klabu, upewe namba ya shabiki, usubiri tarehe ya mauzo ya umma. Dabi haifiki huko. Njia halali zinazobaki kwa mgeni ni mbili: kununua kifurushi cha chumba cha wageni chenye chakula, ambacho hugharimu mamia ya pauni, au kuhamishiwa kiti na mwenye tiketi ya msimu kupitia mfumo wa klabu yenyewe. Njia ya tatu, ya walanguzi, ndiyo inayowaliza wageni. Mara nyingi unachokodishiwa ni kadi ya msimu ya mtu mwingine. Klabu ikigundua huizima, na habari hizo unazipata kwenye mashine ya langoni taa nyekundu ikiwaka, muuzaji hapatikani tena.

Hata ukifanikiwa kuingia, unachokikuta kimepungua thamani. Hadi 2018 timu mgeni ilikuwa ikipewa viti 7,000 hadi 8,000, upande mzima nyuma ya goli, na raha ya dabi ilikuwa pale: wimbo huku, jibu kule, dakika 90 bila pumzi. Rangers ikakata hadi viti kama 800, Celtic ikalipiza, na ukafika wakati dabi ikachezwa bila shabiki mgeni hata mmoja. Baadaye pande zote mbili zilikubaliana kurudisha sehemu ndogo. Ni afadhali, ila uwanja unaoimba upande mmoja ni nusu ya dabi, na bei haikushuka kwa nusu.

Kosa jingine linalowagharimu watu ni kununua ndege au treni isiyorudishiwa pesa mara ratiba inapotoka. Tarehe za mwanzo huhamishwa na televisheni na polisi. Dabi ya Glasgow kwa kawaida huanza saa 6 au 6:30 mchana kwa saa za huko, ili watu wasipate asubuhi ndefu ya kunywa, na Jumamosi hugeuka Jumapili bila shida. Mechi tano za mwisho za msimu ndizo mbaya zaidi kwa mpangaji safari, kwa sababu wapinzani wenyewe hawajulikani hadi Aprili.

Hilo linatokana na mfumo wa ligi, jambo ambalo wageni wengi hawaelewi. Timu ni 12. Kila moja hukutana na nyingine mara tatu, jumla mechi 33. Kisha jedwali hukatwa katikati: sita za juu hucheza zenyewe kwa zenyewe mechi tano, sita za chini vivyo hivyo, zikifika 38. Pointi zinabebwa, lakini ukuta hauvukwi. Timu ya saba inaweza kumaliza na pointi nyingi kuliko ya sita na bado ikabaki ya saba. Kasoro ya pili ni ya hesabu: 33 haigawanyiki kwa mbili, hivyo wengine wameshacheza nyumbani mara 17 na wengine 16 kabla ya kukata. Ligi hujitahidi kila timu imalize na mechi 19 za nyumbani, na ili hesabu itimie timu fulani inaweza kujikuta imepelekwa uwanja ule ule mara tatu katika msimu mmoja.

Mfumo huu hulaumiwa sana, na lawama ya ratiba ni ya haki. Kwa mnunuzi wa tiketi, hata hivyo, una faida moja kubwa. Raundi ya 31 hadi ya 33 zina joto ambalo katikati ya jedwali la ligi nyingine halipo, kwa kuwa nafasi ya sita huleta Celtic na Rangers tena, pamoja na mapato yake. Baada ya kukata, nenda chini. Timu ya 12 hushuka moja kwa moja, ya 11 hucheza mechi mbili za mchujo na timu kutoka daraja la pili. Mechi ya timu ya tano na ya sita mwezi Mei inaweza kuwa matembezi. Ya timu ya kumi na ya 11 haiwezi.

Kuhusu kiwango, tusifichane. Kuanzia msimu wa 1985-86 hadi 2024-25, misimu 40 mfululizo, ubingwa haukutoka nje ya klabu hizo mbili. Aberdeen ya Alex Ferguson ndiyo iliyoubeba mwaka 1985. Mwaka uliofuata Hearts walihitaji sare tu siku ya mwisho, ugenini Dens Park dhidi ya Dundee. Albert Kidd aliingia akitokea benchi, akafunga mawili dakika za mwisho, na Celtic iliyokuwa ikiichapa St Mirren 5-0 ikachukua taji kwa tofauti ya magoli. Watu wa Gorgie, mtaa wa Hearts huko Edinburgh, bado wanalitaja jina hilo kwa uchungu.

Chanzo ni fedha. Mkataba wa televisheni wa ligi nzima ni kama pauni milioni 30 kwa mwaka, ilhali timu inayoburuta mkia England peke yake hupata zaidi ya milioni 100. Kwa hiyo pesa inayoamua ni ya tiketi na ya Ulaya, na hizo mbili zote huishia Glasgow. Ajabu ni kwamba hata huko Ulaya ubabe huo umechakaa. Agosti 2025 Celtic ilicheza dakika 210 dhidi ya Kairat ya Kazakhstan bila goli, ikatolewa kwa penalti kwenye lango la Ligi ya Mabingwa. Wiki hiyo hiyo Rangers ilitolewa na Club Brugge kwa jumla ya 9-1. Linganisha na Novemba 2012, Celtic Park ikitetemeka, Victor Wanyama wa Kenya akipiga kichwa cha kona na Barcelona ikilala 2-1. Klabu iliyokuwa ikijua kumchukua kijana wa miaka 20 na kumkuza ilikuja kuwa na pesa nyingi zaidi benki na kikosi chepesi zaidi uwanjani.

Vikombe vinaeleza upande mwingine. Mei 2025 Aberdeen iliitoa Celtic jasho Hampden, uwanja wa taifa ulioko Glasgow, na kutwaa Kombe la Uskoti kwa penalti, la kwanza tangu 1990. Desemba mwaka huo huo St Mirren, klabu ya mji wa Paisley, iliifunga Celtic 3-1 kwenye fainali ya Kombe la Ligi, magoli mawili yakiwa ya Jonah Ayunga wa Harambee Stars. Anayesema ligi hii haina habari nje ya timu mbili hajaitazama.

Basi pesa yako ipeleke wapi? Kwanza Tynecastle, nyumbani kwa Hearts, Edinburgh. Unashuka stesheni ya Haymarket, unafuata umati kuelekea Gorgie, dakika 20 kwa miguu. Uwanja una viti karibu 20,000, majukwaa yamesimama wima na yako karibu na mstari kiasi kwamba unamsikia beki akimfokea mwenzake. Chagua jukwaa la Wheatfield, safu za katikati. Safu tano za mbele ziache popote Uskoti: mvua ya huko huja na upepo wa ubavu na paa haliifikii. Ng'ambo ya jiji kuna Easter Road ya Hibs, upande wa Leith, ukubwa unaokaribiana, bei vivyo hivyo. Tiketi ya mtu mzima kwenye viwanja hivi ni pauni 25 hadi 35 hivi kwa mechi isiyo ya dabi. Dabi yao ina ukali wa kweli; Hibs walisubiri miaka 114, kutoka 1902 hadi 2016, kushinda Kombe la Uskoti, na Hearts hawakuwaacha walisahau hilo hata wiki moja.

Pili, Dundee. Dens Park ya Dundee na Tannadice ya Dundee United ziko mtaa mmoja, umbali wa kurusha jiwe. Kutoka stesheni ni mlima wa nusu saa. Dens ina jukwaa kuu la zamani lenye nguzo zinazokata goli. Ukiona kiti kimepunguzwa bei, soma kama kimeandikwa kwamba hakioni vizuri.

Pombe haiuzwi kwenye majukwaa ya kawaida tangu ghasia za fainali ya Kombe la Uskoti ya 1980. Kinachouzwa ni pai na kikombe cha Bovril, mchuzi wa ng'ombe unaonywewa moto kama chai. Pai ina ukubwa wa kiganja, ndani nyama ya kondoo ya kusaga yenye pilipili manga nyingi, na kuta zake za unga zimepanda juu ya kifuniko, hivyo pale juu hukaa kidimbwi cha mafuta ya moto. Iinamishe mbali nawe kabla ya kuuma ukingo, la sivyo mafuta yanaingia kwenye mkono wa koti. Muislamu asitegemee kwamba ni halali. Sehemu nyingi zina pai ya makaroni na jibini.

Kwa anayetazama akiwa nyumbani, klabu kubwa zina televisheni zao za intaneti kwa walio nje ya Uingereza. Soma orodha ya nchi kabla ya kulipa, maana haki hutofautiana, na ujue kwamba mtangazaji ni wa klabu, hivyo penalti ya mpinzani haitakuwa halali kamwe. VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, iliyoanza Oktoba 2022, ina kamera chache kuliko England, na kusubiri uamuzi huchosha. Mechi ya kawaida ya Jumamosi huanza saa 9 alasiri huko, yaani saa 11 jioni Nairobi na Dar es Salaam wakati wa kiangazi chao, na saa 12 jioni wakati wa baridi. Dabi ya saa 6:30 mchana ni saa 8:30 mchana au 9:30 alasiri kwa Afrika Mashariki. Saa zao hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, na wikiendi hizo mbili ndizo watu hufungua simu na kukuta kipindi cha kwanza kimekwisha.