Kibanda umiza cha Ngamiani kinachoonyesha raga

Tanga ukitafuta pa kuangalia raga utazungushwa sana, kila mahali ni Simba na Yanga. Hiki cha Ngamiani wanaonyesha, tena kuna ubao wa utabiri mlangoni. Kiingilio buku. Unaandika timu na tofauti ya pointi. Ukipatia, unapewa mishkaki mitano na soda.

Fainali ya Kombe la Dunia 2023, Sauzi na New Zealand, ilianza saa nne usiku na ubao umejaa. Wengi waliipa New Zealand, maana nusu fainali waliichapa Argentina 44–6. Mzee mmoja muuza kahawa akaandika "Sauzi, moja". Tukamcheka. Akajibu, "Ufaransa wametolewa kwa moja, 29–28. Uingereza kwa moja, 16–15. Nyie mnataka nini tena?" Kadi ya njano ya Sam Cane, nahodha wa New Zealand, ilipogeuzwa nyekundu, watu wakataka kufuta walichoandika. Mwenye kibanda akaificha chaki mfukoni, na hapo nampa heko. Penati nne za Handré Pollard wa Sauzi, pointi tatu kila moja, zikatosha: 12–11. Mzee akala mishkaki yake polepole, anatuangalia mmoja mmoja.

Kasoro: mabenchi hayana egemeo, na feni ni moja tu, inampepea mwenye kibanda. Sauti nayo hupunguzwa mno usiku kwa ajili ya majirani. Mishkaki imeiva vizuri, ila pilipili ya ukwaju ombeni mapema, huisha kabla ya mapumziko.