Yamaha Pacifica 112V: gitaa la bei nafuu, ila usilipige kama lilivyotoka kwenye boksi

Dukani kuna Pacifica tatu zinazofanana kama mapacha: 012, 112J na 112V. Muuzaji asiyepiga gitaa atakwambia tofauti ni bei tu. Si kweli. 012 ina mwili wa mbao ya agathis na pikapu (vinasa-sauti vilivyo chini ya nyuzi) zenye sumaku za seramiki. 112V ina mwili wa alder, pikapu za sumaku ya alniko 5 (aina ya aloi), na kitufe cha toni kinachovutika. Hapo ndipo pa kuitambulia: kishike kitufe cha toni, kivute juu taratibu. Kikiinuka na kubaki kimeinuka, ndiyo yenyewe. Kikigoma, usikilazimishe, na usilipe bei ya 112V.

Kazi ya kitufe hicho ni kuzima nusu ya pikapu ya darajani, iliyo karibu na daraja, yaani kipande kinachoshika nyuzi mwilini. Pikapu hiyo ni hambaka, yaani koili mbili zilizopangwa kinyume ili muungurumo wa umeme ujifute wenyewe. Mbili nyingine, ya kati na ya shingoni, ni za koili moja. Ukivuta kitufe, hambaka inabaki na koili moja: sauti inapungua ukubwa, inakuwa nyembamba na ya kung'aa, na muungurumo unarudi. Kwa solo ya rumba au benga, ambako kila noti lazima isikike bila mikwaruzo, sauti hiyo inafaa, ingawa haifikii pikapu iliyotengenezwa tangu mwanzo kwa koili moja. Kwa ridhimu, weka swichi kati ya pikapu ya shingoni na ya kati, upunguze toni kidogo. Usafi wa sauti katika nafasi hiyo, kwa gitaa la bei hii, ndiyo sababu kubwa ya kulipendekeza.

Shingo ni ya mepo, freti (vyuma vinavyoikatiza shingo) ni 22, na urefu wa uzi kutoka nati, yaani kipande chenye matundu ya nyuzi mwanzoni mwa shingo, hadi daraja ni milimita 648. Ubao wa vidole una mviringo mdogo tu, kwa hiyo uzi ukivutwa kwenye freti za juu haukwami. Upana wa nati ni milimita 41. Mwenye vidole vinene apige kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya A na ya D dukani kabla ya kutoa pesa.

Sasa marekebisho, na hapa ndipo wengi hulilaumu gitaa bure. Fuata mpangilio huu, maana kila hatua huibadilisha inayofuata. Kwanza lituni. Kisha bana uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, uangalie nafasi iliyo kati ya uzi na freti ya 7. Inatakiwa iwe kama milimita 0.2, yaani karatasi ya kawaida ya printa iliyokunjwa mara moja ipite kwa shida. Nafasi ikizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), robo mzunguko tu, tuni upya, pima tena. Ikikosekana kabisa, legeza. Anayezungusha mzunguko mzima kwa mkupuo mmoja anatafuta hasara.

Baada ya shingo ndipo ugeukie kimo cha nyuzi. Kwenye freti ya 12, milimita 2 kwa uzi wa sita na 1.5 kwa uzi wa kwanza ni kipimo salama. Mwisho, linganisha noti ya freti ya 12 iliyobanwa na mlio wa kengele unaopatikana ukiugusa uzi hapohapo bila kuubana. Noti iliyobanwa ikiwa juu, rudisha tandiko la uzi huo, yaani kipande cha darajani kinachoubeba, nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogeze mbele.

Uzi ukivuma, mahali unapovumia ndipo penye jibu. Freti za mwanzo tu: shingo imenyooka kupita kiasi. Kote: matandiko yako chini. Freti moja tu: iliyo mbele yake imeinuka, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye tupa. Uzi mtupu peke yake: tundu la nati limechimbwa sana. Kinyume chake hutokea pia, nati kuwa juu mno, na dalili yake ni kodi ya F inayoumiza vidole na kusikika juu ya sauti hata gitaa likiwa limetuniwa.

Udhaifu wa kweli uko kwenye mkono wa kutikisa, ile fimbo ya darajani inayotikisa sauti. Mtikisiko mdogo hauna shida, lakini ukiusukuma hadi chini nyuzi hazirudi sawa, hasa kwa sababu zinang'ang'ania kwenye nati. Sikiliza wakati wa kutuni: uzi ukitoa mlio wa “ting” na kuruka, umekwama. Chora matundu ya nati kwa penseli ya 2B, risasi yake hulainisha. Usiyeuhitaji mkono huo, fungua kifuniko cha nyuma ukaze skrubu mbili zinazoshika springi hadi daraja lilale juu ya mwili. Utafanya hivyo pia ukihama kutoka nyuzi za unene wa 9–42 kwenda 10–46, kwa sababu nyuzi nzito hulivuta daraja liinuke.

Upande wa umeme, nati ya skrubu inayoshika jeki, tundu la kuchomekea waya wa amplifaya, hulegea. Ikianza kuzunguka, ikaze upesi, la sivyo waya wa ndani unapindwa hadi unakatika na utahitaji kulehemu. Sauti ikiwa na muungurumo, gusa nyuzi. Ukipungua, waya wa ardhi umefika darajani. Usipobadilika, waya huo umeachia. Na amplifaya iliyokatwa pini ya ardhi kwenye plagi usiipigie kabisa, hasa ukiimba kwenye maikrofoni: umeme unaweza kupita mdomoni.

Anayenunua la mtumba atazame freti tatu za kwanza chini ya uzi wa pili na wa tatu. Mikwaruzo midogo inasuguliwa ikaisha, lakini mashimo ambayo ukucha unakwama ndani yake maana yake ni freti mpya, na gharama ya kazi hiyo ipunguzwe kwenye bei kabla hujakubali.