Jumamosi kumi na mbili na dele la kahawa: uzoefu wangu wa darasa la kuchora

Nilitoa shilingi 9,000 kwa Jumamosi kumi na mbili, saa mbili hadi saa tano asubuhi, na mwezi mzima wa kwanza sikuchora kitu cha kumwonyesha mtu. Nasema mapema ili anayetaka kutoka na picha ya jahazi ya kutundika sebuleni asipoteze nauli. Darasa lenyewe silitaji jina, maana nina malalamiko yangu na mwalimu ni mtu ninayemheshimu. Liko Mji wa Kale hapa Mombasa, ghorofani, madirisha mawili, feni moja.

Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kuchora nilikuwa nachora, lakini kwa kunakili picha za kwenye simu: simba, jahazi, uso wa mchezaji mpira. Picha moja wiki mbili, nafuta na kurudia mpaka karatasi inatoboka. Miaka minne nilikwenda hivyo na mkono ukabaki palepale.

Siku ya kwanza mwalimu aliweka mezani dele la shaba, yaani birika la kahawa, na vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Akasema, "Hivi mtakaa navyo mpaka mvichoke." Tukadhani mzaha. Kazi ya nyumbani ikawa kuchora kikombe kimoja kila siku, dakika ishirini, bila raba, kisha nyuma ya karatasi uandike tarehe na kosa moja. Moja tu, hata ukiyaona kumi.

Hapa ndipo pesa yangu iliporudi, kwa hiyo mnivumilie. Mdomo wa kikombe ukiutazama kwa mshazari hauonekani duara kamili. Huonekana duara lililobanwa, ile wanayoiita duaradufu. Mimi nilikuwa nauchora kama dau, umechongoka pande zote mbili. Mwalimu akaniambia, "Tia kidole ndani, zunguka. Umekuta kona?" Sikukuta. Basi kona ile niliitoa wapi? Kosa la pili lilikuwa la kitako. Nilikuwa nakipiga mstari mnyoofu kama wa rula, kwa sababu najua kikombe kimekaa mezani na meza ni bapa. Lakini jicho haliangalii unachokijua. Kitako kiko chini zaidi ya macho yako kuliko mdomo, kwa hiyo mviringo wake unafunguka zaidi. Niliambiwa hivyo mara tatu na sikuamini, mpaka usiku mmoja nilipoweka bilauri ya maji mbele yangu nikaona miduara yote miwili kwa pamoja, wa juu mwembamba na wa chini mnene. Nikacheka peke yangu jikoni. Mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia, "Tizama chini ya bilauri." Akatizama, akasema haikuoshwa vizuri.

Zile karatasi ninazo zote. Wiki ya kwanza nyuma yake imeandikwa "mdomo umechongoka" siku tano kati ya saba. Wiki ya tatu hilo halipo tena, limekuja "kitako bapa". Baadaye "shingo ya dele imelala kushoto", ambalo nililibeba karibu mwezi mzima, na dawa yake ikawa kupiga kwanza mstari mwepesi wa katikati kutoka kifunikoni hadi kitakoni kabla ya kugusa tumbo la dele. Ningeandika makosa yote kila siku, ningekata tamaa kufikia Jumatano.

Zoezi la kuchora watu tulilifanyia sokoni Marikiti: dakika moja kila mtu, anayepima binzari, anayebeba gunia, anayebishana bei. Huna nafasi ya kuchora pua. Unashika mwinamo wa mgongo na mguu uliobeba uzito, basi. Nilichukia Jumamosi mbili hizo na bado sizipendi, ila mikono ya watu ninaowachora imeacha kuwa kama reki.

Kuanzia wiki ya saba tukaingia rangi za maji, tatu tu: bluu nzito, manjano ya udongo, na kahawia ya udongo uliochomwa. Ukichanganya ile bluu na ile kahawia unapata kijivu cha kila namna, na ukipunguza maji unakaribia weusi. Nyeusi ya kwenye kisanduku tulikatazwa. Tulikwenda mara tatu kwenye ukuta wa Fort Jesus kabla ya saa mbili, na mara moja mwalimu akatuweka makusudi mpaka saa sita mchana. Ile ya mchana ndiyo iliyonifungua macho. Jua likiwa juu vile, kuta hazina upande wa giza wa kukuongoza, na ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1593 ikatoka kwenye karatasi yangu kama boksi la viatu. Asubuhi jua linatoka baharini likiwa bado chini, kila shimo la jiwe la tumbawe lina kivuli chake, nawe unafinya macho mpaka ukuta unabaki na vipande vitatu: mwanga, kati, giza. Kivuli chenyewe kina bluu ndani yake. Mimi miaka yote nilikuwa nakipaka masizi.

Sasa malalamiko. Tuliambiwa vifaa vimo ndani ya ada. Kumbe karatasi waliyotupa ni ya fotokopi, nyembamba, gramu 80 kwa mita ya mraba, na ukiitia maji inajikunja kama papa wa kuanikwa. Nililazimika kununua mwenyewe ya gramu 300, na tofauti ni kama kuhama nyumba. Tena lilikuwa darasa la mwezi wa tano, masika yamepamba moto; rangi ya kwanza haikauki hata baada ya nusu saa, ukiweka ya pili kwa haraka unapata tope. Jumamosi mbili zilifutwa kwa mvua, moja tu ikalipwa. Na tuliahidiwa wanafunzi kumi. Tulikuwa kumi na wanane, kwa hiyo waliokaa nyuma waliona zaidi visogo kuliko dele.

Kwa bei ile, ningelipa tena? Ningelipa, lakini ningekwenda na karatasi yangu na ningefika mapema nikamate kiti cha mbele. Asiyeweza kutenga dakika ishirini kila siku nyumbani aziweke pesa zake, kwa sababu zile saa tatu za Jumamosi peke yake hazimsogezi mtu.

Wiki ya pili nilianza kuchora dele la mzee anayeuza kahawa barazani karibu na kwetu, baada ya Magharibi, likiwa juu ya seredani yake, lile jiko la makaa. Nilipomwonyesha mchoro wa kwanza aliutazama kitambo, akasema, "Mwanangu, dele langu halina mimba." Wiki iliyopita nikampelekea namba 61. Akausogeza kwenye taa.

"Hili sasa nalijua. Lakini mkono wake ulivunjika hapa mwaka juzi, nikaenda kuuchomea. Mbona hukutia?"

Nikainama kutizama. Kweli, pana kinundu cha risasi ya kuchomea chini kidogo ya kifuniko, kikubwa kama punje ya mbaazi, na nilikuwa nimekaa mbele yake miezi miwili.

"Sikukiona, ami."

Nikageuza karatasi, nikaandika tarehe.