Ukinunua mashine ya gemu Kisumu, anza na inayomeza diski

Ukiingia duka la elektroniki pale Oginga Odinga Street na hela za mashine ya gemu mfukoni, muuzaji ataanza na ubora wa picha. Wewe muulize kama inameza diski. Siku hizi unalipia gemu kisha unaambiwa upakue, usasishe, ufungue akaunti. Gemu kubwa nyingi zinapita GB 100. Kwa intaneti ya Mbps 10, hizo ni kama saa 22, na hapo stima haijapotea.

Kwangu namba moja ni PS4 Slim (PlayStation 4 nyembamba ya Sony) iliyotumika. Ilitoka 2016 na diski zake zimejaa mtaani: jirani anakuazima, ukimaliza unauza au unabadilishana. Gemu nyingi za wakati huo zinaingia kutoka kwenye diski na kuchezeka bila bando. Ila usiilipie kabla hujaiwasha. Icheze nusu saa papo hapo. Feni ikianza kunguruma kama posho mill, ndani kuna vumbi au pasta ya kupozea imekauka. Chukua padi (kidhibiti cha mkononi), anzisha mechi, kisha toa kidole gumba kwenye kijiti: mchezaji akiendelea kutembea mwenyewe, kijiti kimechoka. Weka diski, itoe, irudishe tena. Hakikisha muuzaji ameondoa akaunti yake, na uulize kama mashine imefunguliwa kienyeji ili icheze gemu za kunakili, maana ya aina hiyo ukiipeleka mtandaoni inaweza kufungiwa.

Bajeti ikiruhusu, PS5 yenye diski inafuata. Inacheza karibu gemu zote za PS4, kwa hiyo diski ulizonunua hazipotei. Ile nyembamba ya mwisho wa 2023 ina kisomaji cha diski kinachobandikwa, na kukiunganisha mara ya kwanza kunahitaji intaneti. Angalia boksi vizuri, kwa sababu kuna toleo linalouzwa bila kisomaji hicho.

Nintendo Switch naipa nafasi ya tatu. Ina betri yake, stima ikipotea mtoto anaendelea kucheza. Gemu zake huja kwenye kadi ndogo badala ya diski, lakini ni ghali na hazishuki bei upesi. Kwenye Switch 2 ya 2025, baadhi ya kadi hazina gemu ndani, ni ufunguo tu wa kupakulia.

Xbox Series S na PS5 ya dijitali, zinazouzwa bila kisomaji cha diski, naziweka mwisho. Si mbovu, na mwenye faiba nyumbani atazifurahia. Lakini huwezi kuazima wala kuuza ulichonunua, na GB 512 za Series S zinabaki kama 364 za kutumia.

Hata diski isikudanganye. The Crew, gemu ya mbio za magari ya kampuni ya Ubisoft, iliuzwa tangu 2014. Haikuchezeka bila seva za mtandaoni; Ubisoft ilizizima tarehe 31 Machi 2024, na wenye diski wakabaki na plastiki. Kila gemu, uliza: bila intaneti inachezeka?

Mzazi, jambo moja zaidi. Gemu za mpira zina pakiti za wachezaji zinazonunuliwa kwa pesa halisi bila kujua nani yumo. Ubelgiji iliona ni kamari, na EA, kampuni inayotengeneza gemu za mpira, ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo mwaka 2019. Hapa kwetu kizuizi ni wewe. Mfungulie mtoto akaunti ya mtoto na uweke kikomo cha matumizi kuwa sifuri kabla hujampa padi.