Kitufe cha kidole gumba: uzoefu wangu wa kulinganisha kibodi za Windows, Mac na Linux

Mwenye kompyuta moja apite tu, haya hayamhusu. Ninaandika kwa yule ambaye ofisini amepewa Windows, nyumbani ana MacBook, na pembeni kuna laptopu ya mtumba aliyoiwekea Linux ili iendelee kuishi. Huyo anajua adha yake. Vidole vikishazoea kuhifadhi kazi kwa Command na S kwenye Mac, ukirudi Windows vinaangukia pale pale, na pale pale kwenye kibodi ya PC pana Alt. Ndani ya Outlook ya Windows, Alt na S ni amri ya kutuma. Ulitaka kuhifadhi rasimu ya barua kwa mkurugenzi, na barua imeshaondoka ikiwa na sentensi nusu.

Mimi ni mhariri na mfasiri, kwa hiyo siku yangu nzima ni kunakili, kukata, kubandika, kutafuta na kutendua. Nimepitia programu za kubadilisha kazi za vitufe, yaani PowerToys na SharpKeys upande wa Windows, Karabiner-Elements upande wa Mac, keyd upande wa Linux, na kibodi ya nje ambayo unaipanga mwenyewe. Nilichokubali baada ya yote hayo ni kwamba kufananisha mikato yote ya kibodi, yaani amri za kubonyeza vitufe viwili au zaidi kwa pamoja, ni kazi isiyo na mwisho. Kinacholipa ni kulinganisha kitufe kimoja, kile kilicho kushoto mwa spesi, kinachobonyezwa na kidole gumba. Mengine kila mfumo ubaki na desturi zake.

Kwanza tuelewe tofauti ilikotoka. Herufi zenyewe ni zile zile kila mahali: Z, X, C na V. Zilianzia Apple, kwenye kompyuta ya Lisa ya mwaka 1983, na anayetajwa nyuma yake ni Larry Tesler, ambaye wazo la kukata na kubandika alilifanyia kazi tangu alipokuwa kwenye kituo cha utafiti cha Xerox PARC. Windows ya mwanzo haikuwa nazo. Ilifuata desturi ya IBM: Ctrl na Insert kunakili, Shift na Insert kubandika, Shift na Delete kukata. Herufi zilipokuja kuhamia Windows mwanzoni mwa miaka ya 1990, ziliwekwa kwenye Ctrl, kwa sababu PC haikuwa na Command. Na Ctrl iko pembeni kabisa, kidole kidogo ndicho kinachoibeba siku nzima. Zile amri za zamani za IBM hazijafa. Jaribu sasa hivi kwenye Windows yako, Ctrl na Insert bado inanakili. Zikumbuke, kwani kwenye Linux ndizo zitakazotuokoa.

Wengi wanaohangaika na jambo hili huivuta Mac ifanane na Windows. Nami nasema wanavuta upande usio wake. Sababu ni terminali, lile dirisha la kuandikia amri kwa maandishi matupu. Kwenye Windows na Linux, Ctrl ina kazi mbili zinazogongana: katika programu za kawaida Ctrl na C inanakili, lakini katika terminali ya Linux Ctrl na C inaikatisha programu inayoendelea, kwa hiyo kunakili kunahitaji kuongeza Shift. Mac haina ugomvi huo, kwa kuwa kunakili ni Command na kukatisha ni Ctrl, kila moja na kiti chake. Tena ndani ya visanduku vingi vya maandishi vya Mac, Ctrl na A inakupeleka mwanzo wa mstari, Ctrl na E mwisho wake, sawasawa na kwenye terminali. Ukiibadilisha Ctrl ya Mac unapoteza hayo yote. Basi ziache Windows na Linux ndizo zisogee.

Windows nilianza na SharpKeys. Ni programu ndogo ambayo haifanyi kazi muda wote nyuma ya pazia. Inaandika mabadiliko kwenye rejista ya Windows, pale mfumo unapotunza mipangilio yake, unatoka na kuingia upya, basi. Uzuri wake ni kwamba badiliko linafika hadi kwenye skrini ya kuingilia. Ubaya ni kwamba inajua kitufe kwa kitufe tu, haijui mkato wa vitufe viwili, na badiliko linamkuta kila mtumiaji wa kompyuta ile. Ukigeuza Alt iwe Ctrl, imegeuka kila mahali, na Alt na Tab ya kuhama madirisha nayo imehama. Kwa kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu wa zamu, hiyo ni kutafuta lawama.

PowerToys, ambayo Microsoft wanaitoa bure na msimbo wake uko wazi, ina sehemu inayoitwa Keyboard Manager. Humo unaweza kubadilisha kitufe kizima au mkato mmoja mmoja, na hapo ndipo penye siri. Usiguse kitufe chenyewe, badilisha mikato. Nimeambia Alt ya kushoto na C iwe Ctrl na C, hivyo hivyo kwa X, V, Z, A, S, F, T na W. Alt ya kushoto na kishale cha kushoto ikawa Home, na cha kulia ikawa End, kama ilivyo kwenye Mac. Kwa njia hii Alt na Tab inabaki ilivyo. Wahasibu nao hawapotezi ile tabia yao ya kugonga Alt halafu herufi kupita kwenye utepe wa Excel, wala Alt na alama ya usawa kwa ajili ya kujumlisha. Na ile S ya Outlook sasa inahifadhi. Utapoteza kurudi nyuma kwa Alt na kishale kwenye kivinjari. Mimi sikuisikitikia.

Taja Alt ya kushoto waziwazi, usichague Alt kwa jumla. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu zimetoka Uingereza, na kwenye kibodi za Uingereza Alt ya kulia ni AltGr, yenye kazi yake ya kuandika alama za ziada. Pia ujue mipaka: Keyboard Manager inafanya kazi PowerToys ikiwa imewashwa tu, haifiki kwenye skrini ya kuandika nenosiri, na ukifungua programu kwa mamlaka ya msimamizi, mikato haitaigusa hadi PowerToys nayo iwe imefunguliwa kwa mamlaka hayo. Kitufe cha Windows na L, pamoja na Ctrl, Alt na Delete, hazibadiliki kabisa. Hizo mfumo umezihodhi.

Linux ndiko nilikofurahia zaidi, ingawa ndiko kunakotaka uvumilivu. Ziko njia rahisi. Kwenye GNOME, mojawapo ya sura za madirisha za Linux, programu ya Tweaks ina orodha ndefu ya kubadilishana Ctrl, Alt na kitufe cha Windows, lakini zinabadilisha kitufe kizima, na tatizo la terminali linabaki mlangoni. keyd inaliingia tatizo lenyewe. Inakaa chini kabisa, karibu na kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwa hiyo haijali kama madirisha yako yanachorwa na X11 au Wayland, na hata ile skrini nyeusi isiyo na madirisha inaitii. Mipangilio yote iko kwenye faili moja la maandishi, /etc/keyd/default.conf.

Wazo lake ni tabaka. Unasema Alt ya kushoto ikishikiliwa ifungue tabaka linalorithi Ctrl, yaani herufi yoyote usiyoitaja itafanya kama umeshika Ctrl. Kisha unataja zile zinazopaswa kuwa tofauti, na hapa ndipo IBM wanaporudi ukumbini. Katika faili langu mstari mmoja unasema c = C-insert, wa pili v = S-insert, wa tatu x = S-delete, ambapo C- ni Ctrl na S- ni Shift. Kwa kuwa Ctrl na Insert inanakili kwenye kivinjari na kwenye terminali nyingi pia, kidole gumba na C sasa vinanakili kote, na Ctrl halisi ya pembeni inabaki kukatisha programu. Ni jibu safi kuliko yote niliyoyaona, na si ubunifu wangu, mfano wake uko kwenye msimbo wa keyd wenyewe. Kasoro ni kwamba baadhi ya terminali, ukibonyeza Shift na Insert, hubandika maandishi uliyoyachagua mwisho kwa kipanya badala ya uliyoyanakili. Itakubidi uingie kwenye mipangilio ya terminali hiyo urekebishe.

Mambo mawili kabla hujaigusa keyd. La kwanza, ukikosea faili ukajikuta kibodi haieleweki, bonyeza Backspace, Escape na Enter kwa pamoja, itajizima yenyewe. Liandike kwenye karatasi, kwa sababu siku utakayolihitaji hutaweza kulitafuta. La pili, kwa kuwa keyd inaunda kibodi ya bandia, laptopu inaweza kudhani unaandikia kibodi ya nje, ikaacha kuzima kiguso, ile sehemu ya kusogezea kishale kwa kidole, unapoandika, na kishale cha kipanya kikaanza kurukaruka kila kiganja kinapogusa. Dawa ni faili fupi la libinput, sehemu ya Linux inayosimamia kibodi na viguso, na maelezo ya keyd yameliweka wazi.

Kwa Mac sina mengi. Ukichomeka kibodi ya PC, kitufe cha Windows kinakuwa Command na Alt inakuwa Option, kwa hiyo kidole gumba kinaangukia Option. Fungua System Settings, Keyboard, Keyboard Shortcuts, kisha Modifier Keys, chagua kibodi ile ya nje pale juu, badilishana hivyo viwili, umemaliza. Kibodi ya MacBook yenyewe haiguswi. Karabiner-Elements, kazi ya Takayama Fumihiko na ya bure, ina uwezo mkubwa mno kwa haja hii. Ina kanuni kwa kila programu, kwa kila kibodi, hata kanuni unazopakua zilizoandikwa na wengine. Lakini inataka kusakinisha kiendeshi chake na kupewa ruhusa ya kuona kila unachobonyeza, likiwemo nenosiri la benki. Ndivyo zilivyo programu zote za aina hii, hazifanyi kazi bila kusoma vitufe. Basi zichukue kwenye tovuti ya mwenyewe tu, si kwenye kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Mpangilio wa herufi nao una mitego yake kwa sisi tunaoandika Kiswahili. Usichague US-International kwa kudhani ndiyo ya kimataifa. Mpangilio huo unaishikilia alama ya ritifaa ukisubiri irabu, kwa hiyo ukiandika ng'ombe unapata ngómbe, ng'ambo inakuwa ngámbo, na ng'ang'ania ni msiba mtupu. Kiswahili hakihitaji herufi zenye alama juu yake kama ó, US ya kawaida inatosha. Mac nayo, isipokatazwa, inaigeuza ritifaa iliyonyooka iwe ya kupinda, na baadhi ya programu zinahesabu hizo kuwa alama mbili tofauti. Unatafuta ng'oa kwenye hati ya kurasa mia, unaambiwa hakuna, na unaiona kwa macho. Zima Use smart quotes and dashes kwenye mipangilio ya kibodi.

Na kama laptopu yako ni ile ya Uingereza, alama ya @ iko karibu na Enter, na Shift na 2 inatoa alama ya kunukuu. Kwenye Mac, mpangilio uitwao British unaiweka @ kwenye 2. Unaolingana na kibodi ya PC ni British – PC. Nenosiri lenye @ likikataliwa asubuhi na una hakika nalo, angalia kwanza skrini ya kuingilia inatumia mpangilio upi kabla hujampigia mtu wa TEHAMA.

Huyo mtu wa TEHAMA ndiye aliyenifanya ninunue kibodi. Sehemu moja ninayofanyia kazi hairuhusu kusakinisha chochote, hata PowerToys. Nikachukua kibodi ya Keychron inayopangika kwa VIA, programu ya kupangia vitufe vya kibodi: unaichomeka, unafungua tovuti ya VIA kwenye Chrome au Edge, unahamisha vitufe, na mpangilio unabaki ndani ya kibodi yenyewe. Pembeni ina swichi ya Mac na Windows, na kila upande una tabaka zake. Kwenye upande wa Windows nimeiweka Ctrl jirani na spesi na Alt pembeni. Inafanya kazi kwenye skrini ya kuingilia, inafanya kazi kwenye kompyuta ya mtu mwingine, haimwombi mtu ruhusa. Lakini haijui upo kwenye programu gani. Kwa nilivyoipanga inahamisha kitufe kizima, kwa hiyo Alt na Tab nimelazimika kuizoea upya, na kwenye Excel bado naipapasa Alt. Tena haikusaidii ukiwa na laptopu tupu mapajani.

Mwenzako akiazima kompyuta yako, Keyboard Manager ina kitufe kimoja cha kuizima na kuiwasha, na kwenye Linux unaizima keyd kwa kuandika kwenye terminali sudo systemctl stop keyd. Mfundishe mapema, la sivyo atakuambia kompyuta ina virusi.